Hilo Benzi la kizamani mnalopigia picha Bagamoyo, mnajua limetoka wapi?

Ukiingia Insta Jumapili jioni hukosi kuiona. Benzi la kizamani, jeupe la maziwa au la bluu iliyopauka kidogo, limeegeshwa kwenye kichochoro cha Mji Mkongwe Bagamoyo. Nyuma yake ukuta wa mawe ya matumbawe na mlango wa kuchonga. Mbele yake staa, jina kapuni maana wapo wengi na wiki ijayo atakuwa mwingine, kakalia boneti na suti yake ya kitani, miwani usoni, mguu mmoja juu ya bampa. Chini ya picha kaandika maneno machache tu: mtoto mpya kaingia nyumbani. Makopa yanamiminika, wadau wanapongeza, dada mmoja anauliza bei, mwingine anauliza kama bwana yuko singo.

Anayeuliza gari limetoka wapi hayupo.

Na utamu wote uko kwenye swali hilo. Range Rover la mwaka huu lina cha kusimulia gani zaidi ya benki iliyokopesha? Lakini Benzi la mwaka 1978 ambalo bado linatembea kwenye pwani hii ya chumvi limepita kwenye Ujamaa, kwenye vita, kwenye miaka ya foleni ya sabuni, kwenye ruksa, na kwenye mikono ya mafundi ambao hawakuwahi kuiona Ujerumani hata kwenye ramani. Lina simulizi kuliko staa anayelikalia.

La kukodi liishe kwanza, maana ndilo umbea unakokimbilia. Ndiyo, sehemu kubwa ya mikoko hii si ya wanaopiga nayo picha, na mjini kila mtu anajua. Inakodishwa kwa harusi, kwa sendofu, kwa video za Bongo Fleva, kwa matangazo ya vitenge. Kukodi hakuna aibu yoyote. Bibi harusi hahitaji kumiliki gari ili ashuke kanisani au ukumbini kwa heshima zake. Mtu anayekodi anampa mwenye gari hela ya spea, na gari linaendelea kuishi. Kinachokera ni yule anayelivua gari historia yake ili ajivishe yeye.

Historia yenyewe ni ndefu kuliko wengi wanavyodhani. Tarehe 10 Agosti 1907 ofisa mmoja wa jeshi la Wajerumani, Paul Graetz, aliondoka Dar es Salaam na gari lililotengenezwa kwa ajili yake na kiwanda cha Gaggenau, kusini mwa Ujerumani. Alitaka kuikata Afrika mpaka Bahari ya Atlantiki. Alifika Swakopmund, Namibia ya leo, tarehe 1 Mei 1909. Siku 630! Barabara hakuna, madaraja hakuna, petroli ilibidi itangulizwe njiani kabla ya gari. Penye mto au mchanga gari lilivutwa kwa kamba na mikono ya watu, na watu hao walikuwa Waafrika. Jina la Graetz limo vitabuni mpaka leo kama mtu wa kwanza kuvuka bara hili kwa gari. Waliovuta kamba, majina kapuni.

Kiwanda kile cha Gaggenau baadaye kilimezwa na kampuni ya Benz, na mwisho wa safari kikawa mali ya Mercedes-Benz. Kwa hiyo mtu akikuuliza ukoo wa Benzi ulianza kukanyaga udongo huu lini, mwambie 1907, na usiogope kubishana.

Bagamoyo wakati huo ilikuwa imeshapoa. Makao makuu ya Wajerumani yalihamia Dar mwaka 1891, na misafara ya pembe za ndovu ilikuwa inakuwa hadithi. Ila ufahari ulikuwepo kabla ya gari kuwepo, na ulikaa mlangoni. Tajiri wa pwani alijulikana kwa mlango wake: unene wa mbao, minyororo na maua yaliyochongwa kwenye fremu, vichwa vya misumari ya shaba. Mgeni alisimama nje akausoma mlango kabla hajapiga hodi. Kisha watoto na wajukuu wakachoka na nyumba za mawe, wakaja wanunuzi, na pwani nzima, Unguja ikiwemo, milango mingi iking'olewa, ikauzwa kwa bei ya mbao, ikaishia kwenye mahoteli na majumba ya ng'ambo. Kumbukeni hiyo ya milango, itarudi mbele.

Sasa, gari la kifahari la kizamani lenye uzito kuliko hizi zote za Insta haliko Bagamoyo. Liko Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam, pale Mtaa wa Shaaban Robert jirani na bustani ya mimea. Ni Rolls-Royce iliyotumiwa kwanza na serikali ya kikoloni ya Mwingereza, kisha ikatumiwa na Mwalimu Nyerere. Tulia kidogo na hilo. Gari lililompakia mtawala ndilo lililompakia mtu aliyemtoa mtawala. Na mtu huyo ndiye aliyekuja na Azimio la Arusha mwaka 1967 na kuwabana viongozi wasigeuke mabwenyenye. Unaweza kubishana kijiweni wiki nzima kama gari la aina ile lilimfaa mjamaa, au kama kulirithi lililokuwepo kulikuwa nafuu kuliko kuagiza jingine. Ndiyo kazi ya gari la namna hiyo: linakulazimisha ubishane. Lakini mastaa hawaendi kupiga picha pale. Labda kwa sababu boneti yake haikaliwi.

Miaka hiyohiyo ya 1960 Kiswahili kikazaa kabila jipya, Wabenzi. Halikuwa neno la sifa. Mbenzi ni yule aliyepata cheo baada ya uhuru, akanenepa, akapandisha vioo. Neno likavuka mipaka, Kenya na Uganda wakalitumia, mpaka vitabu vya Wazungu vikalinukuu. Kwa hiyo mtu anayejiita leo "Mbenzi wa kweli" kwa kujimwambafai, bibi yake angemcheka. Au angemfukuza.

Halafu miaka ikawa migumu. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979, bei ya mafuta kupaa, fedha za kigeni kukauka. Ikafika mahali magari binafsi yakakatazwa kutembea Jumapili alasiri ili kuokoa mafuta; wazee wengi wa Dar wanalikumbuka hilo kwa kicheko na uchungu kwa pamoja. Spea hakuna. Ukitaka kujua kwa nini Benzi la babu bado lipo, usimshukuru babu. Mshukuru fundi wa gereji aliyekata gasketi kwenye karatasi ngumu, akachonga bushi kwa mpira wa tairi, akachomelea sakafu iliyooza kwa bati la pipa, na gari likaendelea. Hayo ndiyo matengenezo ya kwanza ya kihistoria ya magari haya, na yalifanyika kwa shida, bila kamera. Serikali ilipoanza kulegeza biashara kuanzia 1984, na miaka ya 1990 magari yaliyotumika Japani yakafurika bandarini, Benzi likaanza kuonekana mzigo. Likaegeshwa chini ya mwembe. Kuku wakatagia kwenye siti ya nyuma.

Kwa nini basi kijana wa mwaka 2000 na kitu, aliyezaliwa Benzi la namna hiyo likiwa tayari banda la kuku, analipenda leo?

Sababu moja ni kwamba gari lenyewe ni bonge la gari, hakuna kuremba. Chukua lile ambalo mafundi hulitaja kwa namba, 123. Lilianza kutoka mwaka 1976, likatengenezwa mpaka katikati ya miaka ya 1980, na jumla yake ni kama milioni 2.7. Ulaya lilikuwa teksi. Kaka yake mkubwa aliyelitangulia, 240D ya mwaka 1976, dereva teksi mmoja wa Ugiriki aliliendesha kilomita milioni 4.6, kisha mwaka 2004 likapelekwa kwenye makumbusho ya Mercedes lenyewe. Milioni nne na laki sita, mdau. Hiyo ni Dar mpaka Bagamoyo zaidi ya mara elfu sitini. Na kwa wakubwa kulikuwa na 116, lililotoka kati ya 1972 na 1980, la kwanza kuitwa rasmi S-Class, ambalo mwaka 1978 ndilo lililoanza kutolewa na breki zisizojifunga za kielektroniki, zile ABS ambazo leo hata kigari cha kwenda sokoni kinazo.

Lakini hakuna anayekalia boneti kwa sababu ya breki. Linalowavuta ni jinsi gari linavyojiheshimu. Mlango wake ukifungwa unasikia "dup", mara moja, kama mlango wa sefu. Usukani mpana kama sinia la pilau. Taa za nyuma zina mistari ya mabonde ili matope yasizifunike zote. Injini ya dizeli ya 300D ina mitungi mitano na haina haraka. Mwendo wake ni wa mzee anayejua anakokwenda. Ukiwa umelelewa kwenye gari ambalo kila kitu ni plastiki na kila taa ya dashibodi ni ya kukutisha, kukaa humo ndani ni kama kuingia nyumba ya bibi: kila kitu kina mahali pake, na kila kitu ni kizito.

Na lipo la upweke kidogo, ambalo watu hawalisemi. Vijana wengi wa mjini hawana kitu cha familia kilichodumu. Nyumba iliuzwa ndugu wagawane, picha zilipotea kwenye kuhama, simu zinabadilishwa kila mwaka. Gari lenye umri wa miaka hamsini likiwaka mbele yako, linakupa hisia kwamba kitu kinaweza kubaki. Hata kama ni cha kukodi kwa saa tatu.

Shida inaanza pale hamu hii inapogeuka biashara, na hapo kuna watu wanaumia kwelikweli.

Angalia kodi. Kwa viwango vya miaka ya karibuni, gari la zamani likitoka nje linapigwa ushuru wa forodha asilimia 25, ushuru wa bidhaa asilimia 10 kama injini inazidi sisi 2000, kisha asilimia 30 nyingine kwa sababu lina zaidi ya miaka 10, na juu ya yote VAT ya asilimia 18. Kodi inakaa juu ya kodi. Gari lililofika bandarini kwa thamani ya milioni 20 linatoka getini likiwa limevuka milioni 41, na hapo hujabadilisha hata balbu. Sheria ile ilitungwa kwa ajili ya mitumba chakavu inayokuja kufia huku, na ina mantiki yake, ila haitofautishi Benzi la 1972 na kigari kilichochoka.

Kwa hiyo mwenye akili ya biashara haendi bandarini. Anaenda chini ya miembe. Upanga, Oysterbay, Msasani, Mbweni, halafu anapandisha na barabara ya Bagamoyo: Bunju, Mapinga, Kerege, Zinga, Kiromo. Anatafuta nyumba ambayo mzee alikuwa mkurugenzi wa shirika la umma, au daktari, au mfanyabiashara wa zamani. Mzee kafariki. Benzi lipo nyuma ya nyumba chini ya turubai. Dalali anaingia kwa salamu nzuri, "shikamoo mama, poleni na msiba", anakunywa na chai, kisha anatoa wimbo wake: mama, hili sasa ni chuma chakavu, linakuletea nyoka tu hapa, ngoja vijana tukupunguzie mzigo. Bei inatajwa kama ya chuma chakavu, kwa kilo. Mama anashukuru. Miezi minane baadaye gari limenyooshwa bodi, limepigwa rangi, linakodishwa kwa siku moja kwa hela inayokaribia nusu ya alichopewa mama. Ni ile ile habari ya milango. Mchezo haujabadilika, kilichobadilika ni kwamba safari hii mlango una magurudumu.

Dalali atasema biashara ni biashara, na mjini shule. Sawa. Lakini mjane haendi kwenye shule hiyo kama hana hata daftari, basi daftari ndilo hili. Benzi la miaka ile lina namba ya chesisi, na namba hiyo inasomeka kama cheti cha kuzaliwa. Ukiacha herufi za mwanzo kama zipo, tarakimu sita zinazofuata zinataja aina: 123130 ni 300D. Tarakimu inayofuata inasema usukani, 1 ni kushoto, 2 ni kulia. Inayofuata tena inasema gia, 0 ni za mkono, 2 ni otomatiki. Mtoto wa kidato cha pili akishika tochi anaweza kuisoma kwa dakika tano. Namba hiyo, kadi ya usajili yenye jina la marehemu, picha mbili tatu za familia na gari likiwa jipya, risiti yoyote ya zamani: vitu hivyo vikikaa pamoja kwenye bahasha, gari haliuzwi tena kwa kilo. Anayekuja kununua akiambiwa kuna bahasha na akapandisha bei hapohapo, mama ajue alikuwa anaibiwa.

Tarakimu hizo zinafaa pia dhidi ya uongo mwingine mtamu wa mjini, ule wa "hili lilikuwa la Ikulu". Kila Benzi la kizamani jeusi Bongo lilikuwa la Ikulu! La Mwalimu, la waziri fulani, la balozi fulani. Msanii anasimulia kwenye mahojiano bila hata kucheka. Muulize tu usukani uko tarakimu gani, na kadi ya kwanza ilisajiliwa kwa nani. Kama lilikuwa la daktari wa Muhimbili aliyelinunua kwa mkopo na kulilipa miaka minane, mbona hiyo ni hadithi nzuri kuliko ya Ikulu? Daktari yule alilala njaa ngapi? Historia ya kubuni inaua ya kweli, na ya kweli ndiyo inayopandisha bei. Mwaka 2022 Mercedes moja ya mwaka 1955, kati ya mbili tu zilizotengenezwa, iliuzwa kwa euro milioni 135. Injini peke yake haiwezi kufika huko. Aliyelipa alinunua uhakika: nani alilichora, nani aliliendesha, kipi hakijawahi kubadilishwa.

Hapo ndipo pa kuwagusa wanaosema wamelifufua gari huku wamelizika. Injini ya Toyota ndani ya Benzi si kosa siku zote. Fundi aliyeiweka mwaka 1993 kwa sababu spea hazipatikani na mwenye gari anataka kupeleka watoto shule, huyo alikuwa daktari wa dharura na alistahili ahsante. Ila mtu wa leo, anayeweza kuagiza spea kwa simu akiwa amelala, anang'oa injini nzima inayohitaji pete na gasketi, anaiuza chuma chakavu, anatupia nyingine ili apate muungurumo, kisha anaandika "limerudishwa kama lilivyotoka kiwandani". Limerudishwa wapi? Kama kubadilisha ni lazima, injini ya zamani ifungwe kwenye nailoni ikae stoo. Itakuja kuhitajika.

Na rangi ya dhahabu, jamani. Na taa za buluu chini ya chesisi. Basi.

Kuna na dhambi ya ufukweni. Bagamoyo maji yakipwa mchanga unatandazika mbali, mgumu, unang'aa, mtamu kwa drone. Mwongoza video anasema shusha gari chini, pita kwenye maji kidogo, yaruke. Yanaruka kweli, picha ni kali, hakuna ubishi. Maji yale ya chumvi yanaingia kwenye mikunjo ya bodi, kwenye sehemu za kuwekea jeki, chini ya mazulia, nyuma ya madongoa, mahali ambapo kitambaa hakifiki. Video ni ya dakika tatu, kutu ni ya miaka kumi. Mwenye gari akija kugundua, rangi imeanza kuvimba kama mkate, na aliyekodi yuko kwenye kiki nyingine. Gari lililokanyaga maji ya bahari linatakiwa lioshwe chini na maji baridi siku hiyohiyo, kwa mpira wenye presha, mazulia yatolewe, milango iachwe wazi. Hili liandikwe kwenye mkataba wa kukodi, au lisishuke kabisa. Barabara ya lami inayopita minazi nayo inapigika picha.

Suala la barabara pia si la mzaha. Kutoka Dar mpaka Bagamoyo ni kama kilomita 70, zenye malori, bodaboda wanaochomoka bila kuangalia, na matuta. Gari la kizamani lililopigwa rangi ya milioni kadhaa juu ya breki ambazo hazijaguswa ni jeneza linalong'aa. Mwenye kukodi bibi harusi aulize mambo mawili kabla ya maua: mipira ya breki imebadilishwa lini, na mikanda ya siti ipo? Anayechukia swali hilo asipewe bibi harusi.

Wapo wadau wanaoona haya yote ni ushamba. Wanasema kuhangaika na Benzi la kizamani ni kuabudu mali ya wakoloni na Wabenzi, wakati kuna watu wanatembea kwa miguu. Hoja ina uzito na haifai kupuuzwa. Lakini itazame Bagamoyo yenyewe. Ngome Kongwe, Caravan Serai, Boma la Wajerumani, hakuna hata moja lililojengwa kwa nia njema kwa mtu wa kawaida. Mji ule ulishibia pembe na watumwa. Tangu 2006 njia ile ya watumwa na pembe imo kwenye orodha ya Tanzania ya maeneo yanayosubiri kuingizwa kwenye Urithi wa Dunia, na sababu yake ni kwamba kuta zile zikibaki, watu watauliza kilichotendeka ndani yake. Benzi la Mbenzi linahifadhiwa kwa sababu hiyohiyo. Lisimame pale na aibu yake yote: nani alilipanda, nani alilisukuma, nani alikuwa anapanda basi wakati huo. Likitengenezwa liwe pambo tu, ndipo hoja ya wadau hawa inaposhinda.

Majirani wamefika mbali kidogo kwenye hili. Nairobi wana mashindano yao ya Concours d'Elegance tangu 1970, magari na pikipiki vinapangwa uwanjani na majaji wanainama kukagua mpaka mahali ambapo mwenye gari alidhani hapaonekani. Kuna na ile East African Safari Classic, iliyoanza 2003, inayoyarudisha magari ya enzi za Safari Rally kwenye vumbi lenyewe, na mara kadhaa imepita mpaka Tanzania. Bagamoyo ina majengo, ina bahari, ina TaSUBa yenye watu wanaojua kuandaa jukwaa. Jumamosi moja kwa mwaka, magari kumi na tano tu kwenye kivuli cha Boma, kila moja na kadi kwenye kioo cha mbele: mwaka, wamiliki wote kwa mpangilio, injini ni yake au si yake, na jina la fundi.

Hasa jina la fundi. Kwenye zile picha za Jumapili kuna tagi ya mshona suti, ya mpiga picha, ya saluni, ya aliyetoa miwani. Aliyelala chini ya gari wiki sita, mgongo kwenye boksi lililofunuliwa, hana tagi. Hana hata simu ya kuiona picha, pengine. Miaka mia moja na zaidi tangu wale wa Graetz wavute kamba, na utaratibu ni uleule.

Na mafundi hawa wanaondoka. Anayejua kusikiliza kabureta mbili kwa sikio na kuzisawazisha kwa bisibisi, anayejua pampu ya dizeli ya Benzi inataka nini asubuhi ya baridi, mara nyingi ana miaka sitini na kwenda juu. Vijana wa gereji wanajua kuchomeka mashine ya kusoma makosa, na Benzi la 1978 halina pa kuichomeka. Aliye na gari chini ya mwembe na amekuwa akisema "mwakani", ampeleke mzee huyo mwaka huu. Na aende na kijana mmoja wa kushika tochi, alipwe posho ya siku, akae hapo mpaka injini iwake.